Safari ya Siku Moja ya Chai na Volkeno Wilayani Rungwe: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wasafiri wa Dar es Salaam

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wakazi wa Dar es Salaam wanaojiandaa kwenda kuona mashamba ya chai na milima ya volkeno ya Rungwe, mkoani Mbeya. Sisi ni kikundi cha marafiki wapenda matembezi, si kampuni ya utalii, na maswali yaliyomo humu ndiyo yanayojirudia kila tunapotangaza safari.

Je, inawezekana kwenda na kurudi siku hiyohiyo kutoka Dar es Salaam?

Hapana. Kutoka Dar es Salaam hadi jiji la Mbeya ni zaidi ya kilomita 800 kwa barabara, na kutoka Mbeya hadi Tukuyu, makao makuu ya Wilaya ya Rungwe, kuna kilomita nyingine 70 hivi. Tunaposema safari ya siku moja tunamaanisha siku moja ya matembezi, inayoanza alfajiri Uyole, pembezoni mwa jiji la Mbeya, au Tukuyu na kuishia hapohapo jioni. Ukijumlisha siku ya kwenda na siku ya kurudi, anayepanda basi anahitaji siku tatu, na ndiyo maana watu wengi huisubiri sikukuu inayoshikana na mwisho wa wiki. Sabasaba na Nane Nane zinafaa kwa kuwa huangukia kiangazi, isipokuwa tu kwamba wakati wa Nane Nane maonyesho ya wakulima ya Nyanda za Juu Kusini hufanyika Mbeya kwenyewe, katika viwanja vya John Mwakangale, na nyumba za wageni hujaa mapema. Asiyeweka nafasi kabla ya kupanda basi asishangae akiishia kulala kwa jamaa wa jamaa yake.

Kwa nini Rungwe, ilhali Lushoto na Amani ziko karibu zaidi?

Swali hili ni la haki, kwa sababu Usambara ina chai na ina ukungu, na mtu wa Dar anafika huko bila kulala njiani. Isichokuwa nacho ni volkeno. Milima ya Usambara ni sehemu ya Tao la Mashariki, yaani miamba ya kale mno iliyopikwa na kukandamizwa ndani ya ardhi, kisha ikainuliwa baada ya ardhi kupasuka. Haikujengwa na lava. Ukielekea kaskazini, Kilimanjaro na Meru ni volkeno kamili, lakini miteremko yake imetawaliwa na kahawa na migomba. Mufindi, ambayo utaipita kwa karibu ukifika Mafinga, ina mashamba makubwa ya chai yanayopendeza sana, ila nako hakuna ziwa la kasoko, yaani lililojaa ndani ya shimo la volkeno, wala mto unaopita chini ya daraja la lava. Anayetaka chai peke yake aende Amani, apumzike na arudi. Anayetaka kuona chai pamoja na moto ulioiandalia udongo hana budi kufika Rungwe.

Chai na volkeno vina uhusiano gani hasa?

Hili ndilo swali tunalotamani liulizwe kwanza, kwa kuwa asiyelipatia jibu huiona siku nzima kama orodha ya vituo vya kupigia picha.

Rungwe iko mahali ambapo matawi ya Bonde la Ufa yanakutana: upande mmoja bonde la Ziwa Rukwa, upande mwingine bonde la Ziwa Nyasa, na upande wa tatu bonde la Usangu. Ardhi inapovutwa pande tatu hupata nyufa, na kupitia nyufa hizo miamba iliyoyeyuka ilipanda juu kwa vipindi vingi mno, ikajenga milima mingi midogo na mitatu mikubwa, ambayo ni Ngosi, Rungwe na Kyejo. Miaka ipatayo 4,000 iliyopita Mlima Rungwe ulilipuka kwa nguvu kubwa na kurusha majivu pamoja na jiwe lile jepesi lenye vitundu, ambalo watu hulitumia kusugulia visigino na ambalo ukilitupa majini linaelea. Masalia ya milipuko ya namna hiyo yanaonekana hadi leo pale kingo za barabara zilipochongwa: mistari ya kijivu na ya manjano iliyolaliwa na udongo mweusi. Simamisha gari mahali penye nafasi, uisogelee kingo hiyo, uikwangue kwa ukucha. Utaona chembe zinavyotengana kirahisi.

Majivu hayo yakioza kwa muda mrefu hutoa udongo wenye kina, unaopitisha maji na wenye tindikali, na mchai hautaki kitu kingine. Mmea huu hupenda udongo wenye uchachu ambao mazao mengi huukataa, lakini hauvumilii maji yanayotuama kwenye mizizi. Halafu ipo mvua. Upepo wenye unyevu unaotoka upande wa Ziwa Nyasa hukutana na milima, hupanda, hupoa na kumwaga maji yake, hivyo eneo la Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na miteremko mingine hupata zaidi sana ya hapo, wakati Dar es Salaam hupata kama 1,100. Jiji la Mbeya, lililojificha nyuma ya milima hiyohiyo, halifikishi hata 1,000 kwa kawaida, na hutaona shamba la chai ukiwa Mwanjelwa. Kwa maneno mengine, mlima uliotoa udongo ndio unaoendelea kuita mvua, na mchai uko katikati unakula kotekote.

Ni usafiri upi unaofaa kutoka Dar es Salaam?

Wengi wetu hupanda basi katika Kituo cha Magufuli, Mbezi Luis. Njia inapita Morogoro, hifadhi ya Mikumi, mteremko wa Kitonga, Iringa, Mafinga na Makambako, na tangu Oktoba 2023 mabasi yameruhusiwa kusafiri usiku, kwa hiyo unaweza kuondoka jioni na kufika siku inayofuata. Ushauri wetu ni kusafiri mchana angalau mara moja, kwani Kitonga haifai kupitwa usingizini. Ukipanda basi la Kyela litakupitisha Uyole na kukushusha Tukuyu moja kwa moja. Ukipanda la Mbeya, shuka Uyole au katika kituo cha Nane Nane, maana kuingia katikati ya jiji na kutoka tena ni kupoteza saa nzima kwenye foleni bila faida.

Treni ya TAZARA, reli ya kilomita 1,860 iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya mwaka 1970 na 1975, inapita ndani ya hifadhi ya wanyama na bonde la Kilombero, nayo ni safari tamu yenyewe. Ratiba yake hubadilika, hivyo mwenye ruhusa ya siku chache kazini asiitegemee. Mstaafu na aipande kwa amani. Ndege hutua Songwe, magharibi ya jiji, na kutoka hapo ni lazima uvuke Mbeya yote ndipo uifikie Uyole. Asubuhi za ukungu ndege huchelewa.

Siku yenyewe inapangwaje?

Tunaondoka Uyole saa 12 asubuhi, na hatujadiliani kuhusu saa hiyo. Mawingu ya Rungwe hukusanyika kadiri jua linavyopanda, na ziwa la Ngosi linaloonekana lote saa 3 linaweza kuwa limefunikwa kabisa ifikapo saa 6.

Barabara ya kwenda Tukuyu hupanda kwanza safu ya Uporoto. Hapa kuna baridi, na mashamba ni ya viazi mviringo, kabichi na miti ya mikaratusi. Magunia ya viazi yaliyopangwa kando ya barabara pale Isongole ndiyo haya haya yanayoshushwa masoko ya Dar. Ngosi inapandwa kutokea upande huu. Tukishuka mlimani tunaendelea hadi Kiwira, na hapo mandhari inabadilika bila taarifa: migomba inaanza, parachichi zinaning'inia juu ya mapaa ya nyumba, hewa inakuwa nzito kwa unyevu. Tunaona Daraja la Mungu, tunakula Tukuyu, kisha kuanzia saa 8 mchana tunaingia mashamba ya chai ya jirani, upande wa Katumba na Kyimbila. Chai tunaiweka mchana kwa makusudi, kwani huo ndio wakati majani yaliyochumwa tangu asubuhi yanapoletwa kupimwa, na shamba bila watu wake ni zulia la kijani tu. Ukiendelea kushuka kutoka Tukuyu kuelekea Kyela, chai inaisha na nafasi yake inachukuliwa na kakao na mpunga, joto linarudi kama la Dar, na unafika mahali unakotoka mchele ambao kila duka la jijini hudai kuuuza. Sisi hatufiki huko siku hiyo.

Wanaotaka kuongeza maporomoko ya Kaporogwe, ziwa la Masoko na Kijungu katika siku hiyohiyo huwa tunawashauri wachague kimoja na kuacha kimojawapo cha vituo vyetu. Vituo vitatu vinatosha. Kila tulipokubali kuongeza cha nne, mchango wake ulikuwa ni ugomvi wa kurudi usiku kwenye ukungu.

Njia ya kupanda Ngosi ni ngumu kiasi gani?

Kutoka mahali gari linapoishia kuna mwendo wa saa moja hadi moja na nusu kwa mtu wa kawaida, ndani ya msitu, na sehemu ya mwisho ni ya mwinuko mkali wenye mizizi na utelezi. Ukingo wa kasoko unafikia mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari, na anayeishi Kigamboni au Kawe, ambako bahari ndiyo jirani, atahema kuliko alivyotarajia hata kama hukimbia kila asubuhi ufukweni. Tembea taratibu na unywe maji. Hakuna siri nyingine.

Juu ya ukingo, msitu unakatika ghafla na ziwa linakuwa chini kabisa, la kijani lililofifia, likiwa na urefu wa karibu kilomita 2.5 na upana wa kilomita 1.5, limezungukwa na kuta zilizosimama wima na zenye miti hadi kwenye maji. Hakuna mto unaotoka juu ya ardhi. Shimo hilo halikuchimbwa na mlipuko peke yake: mlima ulipotapika kilichokuwa ndani, chumba kilichobaki wazi chini kilishindwa kubeba paa lake, likaporomoka, na mvua ikajaza pengo. Mwenyeji wako atakuonyesha kwamba umbo la ziwa linafanana na ramani ya Afrika. Ukisimama pale anapokusimamisha, utakubaliana naye.

Hatuwaruhusu wenzetu kushuka hadi majini. Njia ipo na vijana huishuka, lakini ni ya kujishikilia kwa mikono, na kupanda tena kunakula muda wote uliokusudiwa kwa chai. Wazee wa Kinyakyusa na Kisafwa wana simulizi nyingi kuhusu ziwa hili na baadhi ya watu huliheshimu kama mahali pa matambiko, hivyo kelele na muziki wa spika viachwe nyumbani.

Daraja la Mungu ni nini, na Kijungu je?

Daraja la Mungu ni mwamba wa lava uliovuka Mto Kiwira kutoka ng'ambo hadi ng'ambo, na maji yanapita chini yake. Lava ilitiririka bondeni ikapoa na kuganda juu, na mto ukajitafutia njia chini yake, ukaendelea kula mwamba hadi tao likabaki. Unaweza kulitazama kutoka kando kwa dakika 20 ukaridhika. Kijungu kiko mbele kidogo kwenye mto huohuo: maji yote yanaingia katika tundu la mwamba lenye umbo la chungu, yanazunguka kwa kishindo na kutokea upande wa pili. Miamba ya Kijungu imelainishwa na maji na ina utelezi hata siku ya jua, hivyo watoto washikwe mkono, na kwa kuwa eneo hilo linapakana na Chuo cha Magereza cha Kiwira, omba ruhusa kabla ya kuelekeza kamera kwenye majengo.

Je, milima hii inaweza kulipuka tukiwa huko?

Haijafa, ila imelala usingizi mzito. Mlipuko wa mwisho unaokumbukwa katika simulizi za wenyeji ni wa Kyejo, unaokadiriwa kutokea mwaka 1800 hivi, ambapo lava ilitiririka kwenye mteremko wa mlima huo. Volkeno inayojulikana kwa milipuko ya karibuni nchini ni Ol Doinyo Lengai iliyoko kaskazini, ambayo ililipuka mwaka 2007 na 2008. Rungwe dalili za uhai zipo nazo ni za upole: chemchemi za maji moto, matetemeko madogo ya hapa na pale, na gesi. Joto hilo la chini ndilo linaloifanya Serikali, kupitia kampuni yake ya uendelezaji wa jotoardhi, kufanya utafiti Ngosi na Kiejo-Mbaka (Kiejo ndiyo Kyejo) kwa lengo la kuzalisha umeme.

Gesi inahitaji maelezo zaidi kuliko lava. Hewa ya ukaa hupenya kutoka ardhini katika baadhi ya maeneo ya wilaya hii, kiasi kwamba huvunwa kibiashara na kutumika viwandani, ikiwemo kutengenezea soda, kwa hiyo huenda umeshainywa Rungwe bila kufika. Ikiwa wazi ni jambo jingine: ni nzito kuliko hewa ya kawaida, haina rangi wala harufu, na hutuama kwenye mabonde madogo na mashimo wakati hakuna upepo. Ukiona wadudu au ndege waliokufa ndani ya shimo, usiingie na usimruhusu mtoto ainame kutazama. Katika njia tunazopita hatari hii si ya kawaida, lakini ndiyo sababu hatuachi mtu ajitenge na kundi bila mwenyeji.

Tunaruhusiwa kuingia mashambani na kiwandani?

Shambani ndiyo, kwa ruhusa ya mwenye shamba au msimamizi. Sehemu kubwa ya chai ya Rungwe hulimwa na wakulima wadogo, na mama anayechuma kando ya barabara ana haki ya kuulizwa kabla ya kupigwa picha, kama ambavyo wewe usingependa mgeni akupige picha ukiwa ofisini kwako. Anza na shikamoo kwa aliyekuzidi umri. Ukijua kusalimia kwa Kinyakyusa, «ugonile», na kumalizia kwa «ndaga fijo», yaani asante sana, utapata tabasamu na pengine somo.

Somo lenyewe ni hili. Mchai ukiachwa hukua kuwa mti, kwa hiyo hukatwa na kuchumwa mara kwa mara ili ubaki kwenye usawa wa kiuno, ukiwa bapa juu kama meza. Mchumaji hutafuta chipukizi na majani mawili yanayolifuata, anayavunja kwa kidole gumba na cha shahada pasipo kuyavuta, anakusanya kiganjani hadi kijae, ndipo anapotupa nyuma ya bega kwenye kikapu. Akichuma jani la tatu na la nne kikapu kitajaa haraka, lakini ubora wa chai utashuka na mizani ya mnunuzi inaweza kumkataa. Baada ya wiki moja hadi mbili, kutegemea hali ya hewa, kichaka hichohicho huwa tayari tena. Ukijaribu mwenyewe utagundua kwamba macho ndiyo yanayochoka kwanza, kabla ya mikono.

Kiwandani ni lazima kuomba mapema kwa barua au simu, na siku hizi ni lazima pia kuuliza kama kiwanda kinafanya kazi, maana sekta ya chai nchini imepita katika kipindi kigumu cha bei ndogo na viwanda vingine vimekuwa vikisimama. Ukibahatika kuingia, utaona majani yakinyaushwa kwanza kwenye mahori marefu yanayopulizwa upepo kwa saa nyingi, hadi yanakuwa malegevu kama kitambaa. Yanapitishwa kwenye mashine za meno zinazoyakatakata na kuyaponda, kisha yanaachwa yachachuke, na hapo ndipo pa kusimama: ndani ya muda usiozidi saa mbili rundo la kijani linageuka la shaba mbele ya macho yako, na harufu ya nyasi mbichi inaondoka, inaingia ile ya chai unayoijua. Hakuna rangi inayoongezwa. Ni hewa tu inayofanya kazi kwenye jani lililopondwa, kama inavyoliweusisha tunda lililokatwa. Joto la kikaushio husimamisha kazi hiyo, chai inachekechwa, inapangwa kwa madaraja na kutiwa kwenye magunia ya karatasi. Kilo moja ya chai kavu hutokana na kilo nne hadi tano za majani mabichi.

Chai ilifikaje Rungwe, na inakwenda wapi?

Wajerumani walijaribu kupanda chai Amani mwaka 1902 na Kyimbila, Rungwe, mwaka 1904, wakati Tukuyu ikiitwa Neu Langenburg. Uzalishaji wa kibiashara ulianza mwaka 1926, chini ya utawala wa Waingereza, na kilimo cha wakulima wadogo kilipanuka zaidi baada ya Uhuru. Kwa miongo mingi chai ya Tanzania iliyokusudiwa kuuzwa nje ilipitia kwenye mnada wa Mombasa. Mnamo Novemba 2023 mnada wa chai ulizinduliwa Dar es Salaam, hivyo inawezekana kabisa kwamba lori utakalopishana nalo Kitonga limebeba chai inayoelekea ulikotoka.

Tutamwona kipunji?

Karibu hakika hapana. Nyani huyu aligunduliwa na watafiti katika Mlima Rungwe mwaka 2003, dunia ikatangaziwa mwaka 2005, na mwaka uliofuata akapewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus. Ni wachache, wana haya, na wanaishi ndani ya misitu ya Rungwe na Livingstone pamoja na sehemu moja ya Udzungwa. Wawindaji wa eneo hilo walimjua siku zote. Waliochelewa ni wanasayansi. Anayemtaka kweli aje kwa siku kadhaa na kuongozwa na watu wa hifadhi.

Ni msimu gani unaofaa?

Juni hadi Oktoba njia hukauka na milima huonekana vizuri zaidi, ingawa Juni na Julai baridi ni kali na mvua ya Rungwe haijui kalenda. Novemba hadi Mei ndipo chai inapochipua kwa wingi na wachumaji wanakuwa wengi, lakini Ngosi inageuka utelezi na barabara za vijijini hufunga. Kwa maoni yetu Oktoba na mwanzoni mwa Novemba ndio wakati bora, kabla matope hayajaanza.

Nivae nini?

Vaa kana kwamba hukuwahi kuishi Dar. Sweta zito, koti la mvua linalozuia maji kweli, suruali ndefu, soksi za kubadilisha, na viatu vyenye meno. Usinunue vipya, mitumba ya Karume ina makoti mazuri ambayo mtu wa Dar hana shughuli nayo kwa mwaka mzima, na bei yake inaonyesha hivyo. Raba za soli laini zimeangusha wengi.

Watoto na wazee wanaweza kuja?

Watoto wa miaka minane na kuendelea huwa wanapanda Ngosi vizuri kuliko wazazi wao. Wazee, wajawazito na wenye matatizo ya magoti, moyo au pumu tunawashauri waache Ngosi na watumie asubuhi hiyo katika ziwa la Masoko, ambalo nalo ni la kasoko lakini unalifikia kwa gari. Lilitokea pale miamba ya moto ilipokutana na maji ya ardhini na kulipuka. Kando yake kuna boma la zamani la Wajerumani, na husimuliwa kwamba walipokaribia kushindwa katika Vita vya Kwanza vya Dunia walizamisha silaha na sarafu zao humo. Kila mwenyeji ana toleo lake la hadithi hiyo. Msikilize huyu, kisha umsikilize na wa pili.

Gharama na vibali vikoje?

Viingilio vya misitu ya hifadhi hulipwa kwa Wakala wa Huduma za Misitu kwa kutumia namba ya malipo ya Serikali, na kiwango cha raia ni kidogo ukilinganisha na cha mgeni, hivyo beba kitambulisho cha taifa. Viwango hubadilika, uliza kabla ya kwenda. Daraja la Mungu na maeneo ya vijiji yana ada zake, na mwenyeji wa Ngosi hulipwa mkononi. Kubali bei mapema, mlipe mbele ya wenzako, na usimpunje mtu aliyekuvusha msituni salama.

Dereva wa Dar anaweza kuendesha mwenyewe?

Anaweza, akikumbuka mambo mawili. Barabara ya Uyole hadi Kiwira ina kona kali, ukungu wa ghafla na malori ya kwenda na kutoka Malawi. Na kuteremka kunafanywa kwa gia, si kwa breki.

Tunaweza kuunganisha na Kitulo au Matema siku hiyohiyo?

Tunaombwa sana, na jibu letu halijabadilika. Kitulo, hifadhi ya maua ambayo wenyeji huiita Bustani ya Mungu, ina siku yake, nayo huchanua kati ya Novemba na Aprili, wakati ambao si wetu. Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, inahitaji usiku mmoja angalau. Mwenye wiki nzima afanye yote matatu.

Nikitaka kurudi na chai na parachichi, nifanyeje?

Parachichi nunua ngumu kabisa, zilizochumwa siku hiyo, uzipange kwenye boksi lenye matundu na uliweke miguuni pako, si kwenye buti la basi karibu na injini; zitaiva taratibu baada ya siku kadhaa jijini. Zilizoiva zile hapohapo Tukuyu. Majani ya chai nunua yaliyofungwa vizuri, uliza yamefungwa lini, na ukifika nyumbani yahamishie kwenye kopo lenye mfuniko unaobana, kwa sababu joto la unyevu la Dar huyaharibu haraka. Chai hunyonya harufu ya chochote kilicho jirani nayo, kwa hiyo kama shangazi amekuagiza dagaa wa Kyela, dagaa hao wasafiri kwenye mfuko wao na chai kwenye wake.